Kusafisha filamu nyeusi na nyeupe bila chumba cha giza

SWALI: Nitasafiri kwa wiki kadhaa nikipiga picha kwa filamu nyeusi na nyeupe ya milimita 35. Je, ninaweza kuisafisha nikiwa nyumba ya wageni, kwa vitu vinavyopatikana madukani?

JIBU: Inawezekana, na ningekushauri uisafishe kabla ya kupanda ndege ya kurudi, kwa kuwa mashine za eksirei za uwanjani huweza kuitia ukungu (kuifanya iwe kama iliyopigwa na mwanga) filamu ambayo bado haijasafishwa, ilhali iliyokwisha kusafishwa haidhuriki nazo. Giza unalihitaji kwa dakika chache tu za kuviringisha filamu kwenye rili (kigurudumu cha kuishikilia) na kuifungia ndani ya tangi lisilopitisha mwanga, kazi inayofanyika kwa kupapasa, mikono ikiwa ndani ya mfuko mweusi maalumu.

Dawa ya kusafishia unaweza kuitengeneza kwa kahawa, njia iliyotokana na darasa la Scott Williams huko Rochester, Marekani, mwaka 1995. Katika lita moja ya maji yeyusha gramu 54 za sodiamu kaboneti kavu, kisha gramu 16 za vitamini C halisi ya unga, na mwisho gramu 40 za kahawa ya kuyeyuka. Safisha kwa dakika 15 katika nyuzi 20 za Selsiasi, ukipindua tangi mara tatu kila dakika, kisha suuza. Kahawa ya robusta, hata ya bei ya chini, ndiyo inayofaa. Magadi ya sokoni usiyatumie yalivyo, kwa sababu yana baikaboneti ndani yake, nayo hupunguza nguvu ya dawa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni joto. Maji ya bomba ya Dar es Salaam au Mombasa huzidi nyuzi 20 kwa mbali, na dawa yenye joto hukimbia kuliko saa yako. Tena utando wa jelatini unaobeba picha kwenye filamu ni laini ukiloa, ukihamishwa ghafla kutoka maji ya baridi hadi ya moto hukunjamana, na haurekebishiki. Weka chupa za dawa zote, pamoja na za maji ya kusuuzia, katika beseni moja la maji yenye barafu, na uzipime kwa kipimajoto.

Fiksa, yaani dawa ya kuimarisha picha baada ya kusafisha ili isiharibiwe na mwanga, usiitafutie mbadala jikoni: inunue, ijaribu kwa kipande cha mwanzo wa filamu, na muda kitakaochukua kuwa angavu uuzidishe mara mbili. Osha kwa kubadilisha maji mara tatu, ukipindua tangi mara 5, kisha 10, kisha 20, halafu tundika filamu bafuni, ambako vumbi ni kidogo.