Maswali na majibu: Shanta la kuwindia kwa mfuko usiotuna

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja: ni shanta gani litafaa kwa mawindo ya namna nyingi bila kumaliza akiba? Zilizofanana nimeziunganisha, na ndefu nimezifupisha. Kama una nafasi ya kusoma jibu moja tu, soma la pili.

Uwezo wangu ni shanta moja. Mara nyingi natoka alfajiri na kurudi jioni, lakini mara mojamoja nalala porini siku mbili tatu. Nichukue dogo au kubwa?

Chukua la kati linaloelekea ukubwa, lita 45 hadi 55, na lazima liwe na mikanda ya kubania ubavuni. Kwa kutoka na kurudi siku hiyohiyo, lita 25 hadi 35 zinatosha kabisa: maji, chakula, kisu, kamba, tochi, koti la mvua na vifaa vya huduma ya kwanza. Ukilala nje, hema na mfuko wa kulalia pekee vinaweza kumeza lita 20 au zaidi. Shanta kubwa ukilibana linakuwa dogo, ila dogo halivutiki likawa kubwa.

Kasoro ya kubwa ni kwamba nafasi tupu inamtamanisha mwenye nayo. Utajikuta umetia darubini ya pili na viatu vya akiba ambavyo hutavigusa. Dawa yake ni kufunga mikanda ya ubavuni kwanza, ndipo uanze kupanga vitu.

Ukibahatika kupata shanta ambalo mfuko wake unachomoka na kuiacha fremu peke yake, hilo ndilo bora zaidi kwa hali yako. Leo unafungia mfuko mdogo, kesho mkubwa, na siku ya mnyama unafunga nyama moja kwa moja kwenye fremu.

Shikamoo mzee. Kila duka ninaloingia muuzaji ananihesabia mifuko ya pembeni na zipu. Mimi niangalie nini kwanza?

Marahaba, mwanangu. Anza na mkanda wa kiunoni, kisha fremu, kisha hayo mengine yote. Begi lenye kilo tano, hata la shule litakuridhisha. Mambo hubadilika mnyama akishaanguka. Mzigo wa asubuhi unapanda hadi kilo 25 au 30, na njia ya kurudi ina desturi ya kuwa mlima, tena gizani. Uzito huo ukining'inia mabegani, mikono hufa ganzi. Mkanda mzuri huuteremsha hadi kwenye nyonga, ambako mifupa na misuli ya miguu inaweza kuuhimili.

Ubonyeze mkanda kwa kidole gumba na cha shahada. Sponji ikibonyea hadi vidole vikaribie kugusana, rudisha begi mahali pake. Ukiuvaa, ukae juu ya ncha za mifupa ya nyonga, usikae tumboni. Ukishaukaza, zile ncha mbili zenye sponji zibakize nafasi katikati. Zikigusana mapema, mkanda ni mrefu mno kwako, na utakapopungua kilo chache hautakaza tena.

Fremu inaweza kuwa fito mbili za alumini ndani ya mgongo wa begi, bapa la plastiki ngumu, au neli zilizo nje. Shika juu na chini uisukume kama unataka kuikunja. Inayokubali kukunjika kirahisi itafanya mzigo uketi kwenye makalio. Halafu tazama urefu wake. Kuna vile vikanda vyembamba vinavyotoka juu ya bega kwenda kichwani mwa fremu. Kazi yake ni kuuvuta mzigo uje karibu na mgongo, na vinafanya kazi vizuri vikipanda kwa pembe ya digrii 45 hivi. Fremu ikiishia chini ya mabega, vikanda hivyo vinalala tu, ni mapambo.

Sasa jaribu. Nenda na chupa za maji zilizojaa, maana lita moja ni kilo moja na hakuna hesabu rahisi kuliko hiyo. Tia kilo 15. Legeza mikanda yote, funga wa kiunoni kwanza, kisha kaza ya mabegani, halafu vile vikanda vya juu, na wa kifuani uwe wa mwisho. Tembea robo saa na upande ngazi kama zipo. Muuzaji akikukataza kutia uzito ndani ya begi linalouzwa kwa kubeba uzito, mshukuru uondoke.

Mifuko ya pembeni? Miwili inatosha. Vikishazidi vijimfuko, utakuwa unapapasa gizani ukitafuta tochi iliyo katika mfuko wa saba.

Mimi ni mwanamke mfupi na mashanta yote yananizidi. Mwenzangu mmoja ananiambia ninunue la watoto.

Mwenzako hajawahi kubeba paja la mnyama kwa begi la mtoto. Mikanda yake haikushonwa kwa uzito huo.

Kinachopimwa ni urefu wa mgongo, si kimo. Inamisha kichwa, tafuta pingili inayochomoza chini ya shingo. Kisha weka mikono kiunoni juu ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vikielekea nyuma. Mtu akupimie kwa futi ya fundi cherehani kutoka kwenye ile pingili hadi mstari unaounganisha vidole gumba. Kuna warefu wenye migongo mifupi na wafupi wenye migongo mirefu, ndiyo maana kukisia kwa macho hakufai. Ukishakuwa na namba yako, tafuta begi ambalo mabega yake yanapandishwa na kushushwa kwa velkro (utepe wa kunasana unaolia ukibanduliwa) au ngazi za mikanda. Yapo pia yaliyokatwa kwa ajili ya wanawake: mikanda ya mabegani imekaribiana zaidi na wa kiunoni umeinama kufuata nyonga. Jaribu aina zote mbili. Lebo isikuamulie, mwili ndio useme.

Nina begi la kupandia milima, rangi ya kijani, lina fremu. Lazima ninunue la kuwindia?

La. Pesa hiyo nunulia viatu.

Kwenye lebo naona 210D, 500D, 1000D. Kubwa ndiyo bora?

D ni denier, kipimo cha unene wa uzi: ni gramu ngapi uzi huo unakuwa ukifika urefu wa mita 9,000. Namba kubwa ina maana uzi mnene, na kwa kawaida kitambaa kizito kinachostahimili zaidi kukwaruzwa. Lakini haikuambii uzi wenyewe ni wa nini. Nailoni ya 500 kwa kawaida huhimili msuguano kuliko poliesta ya 600, ingawa msomaji wa haraka atadhani amepata zaidi. Kwa mtu mwenye shanta moja, nailoni ya karibu 500 ni chaguo la busara. Ile ya 1000 inafaa kitako cha begi, mahali panapoburuzwa kwenye mawe, lakini begi zima la kitambaa hicho utalijutia kwa uzito kabla hujatia kitu.

Hata hivyo mabegi ya bei nafuu hayaanzi kufa kwenye kitambaa, hufia kwenye mishono. Geuza begi ndani nje utazame pale mikanda ya mabegani inaposhikana na mwili. Utake mshono uliorudiwa mara nyingi, kitambaa kilichokunjwa, na nyuzi zisizoning'inia. Mstari mmoja wa cherehani mahali hapo hautoshi.

Vipi mashanta ya jeshi yaliyotumika? Ni rahisi na yanaonekana ya chuma.

Mengi ni imara kweli, na kwa bajeti ndogo ni vigumu kuyashinda. Linalojulikana sana ni ALICE la Marekani, lililoanza kutumika miaka ya 1970 na kuanza kupokewa na MOLLE, mfumo mpya wa jeshi hilohilo wa kubebea vifaa, mwishoni mwa miaka ya 1990. Linafungwa kwenye fremu ya neli za alumini, na fremu hiyo ukiiondolea mfuko unaweza kuifungia nyama au kuni. Kuna hata kibao cha chuma kilichotengenezwa kukaa chini yake ili mzigo usiteleze.

Ubaya wake ni starehe. Mkanda wa kiunoni ni mwembamba na mikanda ya mabegani ina sponji haba, kwa hiyo wengi hubadilisha hivyo viwili na kuacha fremu ileile. Ukifanya hivyo, jumlisha bei ya vipuri kabla ya kujisifu umepata cha rahisi. Fremu nayo hulia kwenye viungo. Vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli vikizungushwa pale chuma kinaposugua chuma vinanyamazisha.

Na jambo la kisheria: nchi kadhaa, Jamaica na Zambia zikiwa miongoni mwao, zinakataza raia kuvaa au kubeba vitu vyenye mabaka ya kijeshi. Uliza kabla ya kununua au kuvuka nalo mpaka. La kijani tupu halina matatizo mengi.

Lenye mabaka ni ghali kuliko la rangi moja. Je, yanasaidia?

Kidogo sana ukilinganisha na kutulia na kujua upepo unakotoka. Kulungu na wengi wa jamaa zake wana aina mbili tu za seli za kuona rangi, kwa hiyo nyekundu na rangi ya chungwa hazitofautiki sana na kijani machoni pao. Buluu ndiyo wanayoiona vizuri, hivyo epuka begi la buluu. Kahawia au kijani kilichofifia kinatosha. Ndege ni habari nyingine: wao wanaona rangi vizuri kutuzidi, na anayewawinda ana sababu ya kujificha kwa makini.

Pesa ya mabaka itumie kwenye ukimya. Sugua kitambaa kwa ukucha pale dukani. Kikikwaruza masikioni mwako, na mnyama atakisikia, tena kutoka mbali. Velkro kwenye mfuko unaofunguliwa mara kwa mara ni adui.

Rangi kali nayo ina mahali pake. Ukibeba kichwa au pembe mgongoni, zifunge kitambaa cha rangi ya chungwa inayowaka, mwindaji mwingine asikudhanie mnyama.

Nyama naitiaje bila begi kunuka damu milele?

Ikiwezekana, isiingie ndani ya mfuko kabisa. Mashanta mengi ya kuwindia yana nafasi kati ya mfuko na fremu. Unalegeza mikanda, unaweka nyama katikati, unafunga. Mzigo unakaa karibu na mgongo, na mfuko wenye vitu vyako unabaki safi. Begi la kawaida likiwa na mikanda mirefu ya ubavuni linaweza kuigizwa hivyo kwa kiasi.

Nyama ivishwe kitambaa kinachopitisha hewa. Mifuko maalumu ipo, ila foronya kuukuu za pamba zilizofuliwa bila manukato hufanya kazi ileile. Usiifungie kwenye plastiki kwa saa nyingi, maana joto likikosa pa kutokea nyama huharibika. Kama lazima ipite ndani ya begi, tandika plastiki ya kuzuia damu, kisha itoe mara ufikapo. Kutoa mifupa kunapunguza mzigo sana, lakini uliza kwanza masharti ya kibali chako, kwani sehemu nyingine hudai ushahidi wa jinsia ya mnyama ubaki kwenye nyama.

Damu ioshe kwa maji baridi, kwa sababu ya moto huigandisha kwenye nyuzi. Tumia brashi na sabuni isiyo na kemikali za kung'arisha nguo, na uanike kivulini. Jua kali hula nailoni polepole.

Nilipie zaidi nipate lisilopitisha maji?

Usilipie. Maji hupenya kwenye mishono na zipu. Mfuko mnene wa plastiki ndani ya begi unalinda vizuri zaidi, na haupigi kelele kwenye vichaka kama lile vazi la mvua la nje.

Nimeona shanta zuri la mtumba kwenye mtandao. Nimwombe muuzaji picha za nini?

Mwombe za mambo ambayo yeye hangependa kuyapiga. Kitako cha begi kwa karibu. Mishono ya mabegani. Ncha za fito za fremu, kwa sababu fito iliyochomoza huwa imekwisha toboa kitambaa. Na ndani, taa ikiwaka: utando wa kuzuia maji unapozeeka hugeuka unga au gundi, kisha hubanduka vipande vipande. Ukiona magamba meupe ndani, hilo halitengenezeki kwa gharama ndogo.

Muulize kama linanuka. Ukungu uliokomaa ni mgumu kuuondoa, na harufu yake utaibeba hadi kwa mnyama. Linganisha rangi ya mgongo na ya juu ya kifuniko. Tofauti kubwa inaonyesha lilikaa juani muda mrefu.

Bizimu iliyovunjika isikutishe, zipo za kupachika bila kushona. Zipu isiyofunga vizuri nayo, mara nyingi kosa ni kichwa chake kilichotanuka, na fundi mabegi hukibadilisha bila kugusa meno. Meno yenyewe yakiwa yameng'oka, pata kwanza bei ya zipu mpya pamoja na kazi, ndipo umrudie muuzaji mkapatane.