Mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa mchango: anzia hapa

Pole sana dada wa Igombe, Mwanza, uliyeuliza kama usubiri kuuza dagaa ndipo ulipe mchango wa mlinzi wa shule. Kumrudisha mwanao wa darasa la nne kwa mchango wa mlinzi hairuhusiwi. Shule za msingi za serikali hazina ada, na michango ya lazima imefutwa tangu Januari 2016. Michango iliyobaki ni ya hiari, na mtoto hafukuzwi kwa kuikosa.

Kesho asubuhi mpeleke mwenyewe, umwone mwalimu mkuu. Usigombane na mwalimu wa darasa, mara nyingi naye katumwa tu. Ikishindikana, nenda kwa afisa elimu kata, kisha manispaa ya Ilemela, ukiwa na barua: jina, darasa, tarehe aliyorudishwa, kiasi alichodaiwa. Baki na nakala iliyogongwa muhuri, maana malalamiko ya mdomo hupotea.

Tafadhali usisubiri dagaa wauzwe. Mwaka huu ana upimaji wa kitaifa.