"Ndogo mara mbili" ni ndogo kiasi gani?

SWALI: Mimi ni fundi hapa Tabora mjini. Mteja kaniambia nimpigie kenchi (fremu za mbao za kubeba paa) za banda zifanane na za nyumba yake, ila ziwe "ndogo mara mbili". Kenchi zimetoka vizuri, lakini matofali ya kuziba zile pembetatu za ukuta chini ya paa niliyaagiza nusu ya yale ya nyumba, yakabaki mengi. Je, "ndogo mara mbili" ni Kiswahili fasaha? Na kufanana kuna tofauti gani na kulingana?

JIBU: Fundi, mteja alitaka nusu, basi angesema nusu. "Mara" huzidisha, na kitu kikizidishwa kwa mbili kinakua. Mitaani watu wanaelewana, sikatai, ila kwenye vipimo mimi siipitishi. "Kubwa mara mbili zaidi" ndiyo mbaya kabisa: ukichukua kilichopo ukakiongezea mara mbili yake, unapata mara tatu. Sema "mara mbili ya" uishie hapo.

Tuje kwenye kufanana. Tuseme kenchi ya nyumba ina upana wa mita 8 na kimo cha mita 2 katikati. Ya banda itakuwa na upana wa mita 4, kimo mita 1. Mteremko ni uleule: kila ukiingia ndani mita 2, paa limepanda mita 1. Kijiometri, huko ndiko kufanana: pembe zinalingana, na pande zote zimepunguzwa kwa uwiano mmoja. Ukipunguza upana ukaacha kimo mita 2, hazifanani tena, hata kama kwa macho zote ni pembetatu. (Ndugu wakifanana sura hakuna anayewapima kwa futikamba, hesabu haina huruma hiyo.) Kulingana ni kuwa na kipimo kilekile. Kenchi za nyumba moja zinalingana zenyewe kwa zenyewe. Ila za banda zinafanana tu na za nyumba.

Hesabu ya matofali yako ilipotea hapa: nusu ile ni ya urefu. Pembetatu ya ukuta wa nyumba ina mita 8 za mraba, ya banda mita 2. Mbao zinashuka hadi nusu, matofali hadi robo. Kwa hiyo mkiandikiana, taja nusu ya nini: ya urefu au ya eneo. Wasoma ramani nao hunaswa humohumo. Kwa skeli ya 1:50,000, sentimita 1 ni nusu kilometa ardhini, lakini sentimita 1 ya mraba ni robo ya kilometa ya mraba, yaani hekta 25.