Makubadhi ya Lamu: mbunifu na fundi wakae meza moja

Mafunzo ya ngozi huharibika pale wabunifu wanapopewa karatasi chumba kimoja, na mafundi visu chumba kingine. Mchoro ukimfikia fundi hauna unene, na tundu la gidamu, ukanda unaopita kati ya vidole, limewekwa palipopendeza jicho. Kiatu hutoka kizuri, kisha gidamu hung'oka mapema. Kwa darasa la kwanza tunashauri watu sita, wawili wawili, mbunifu na fundi wake, na kazi moja tu: makubadhi, viatu vya wazi vya ngozi, yaanze na ngozi nzima, yaishie mguuni.

Itandazeni ngozi sakafuni, mbunifu aipapase mwenyewe. Mgongoni ni nene na imeshikana. Tumboni na kwapani inavutika. Kateni kanda mbili za sm 2 kwa sm 20, moja ya mgongo na moja ya tumbo, mzivute kwa nguvu. Ya tumbo hurefuka isirudi. Hapo mbunifu ataelewa kwa nini fundi hakubali kubananisha vipande ili kuokoa ngozi: soli na kanda hutoka mgongoni, kanda zikifuata uti. Tumbo ni la bitana na majaribio.

Aina ya ngozi nayo ina maana. Iliyotengenezwa kwa maganda ya miti hunywa tone la maji na kuiva rangi, na nakshi ikigongwa ngozi ingali na unyevu hubaki. Iliyotengenezwa kwa kromu, dawa ya madini, ni laini, lakini nakshi yake hufifia. Kwa makubadhi ya nakshi chukueni ile ya maganda, ila muiweke mbali na chuma: maji yakipita kwenye msumari wa chuma, ngozi hiyo hupata doa jeusi. Kwa hewa ya chumvi ya Lamu, tumieni misumari ya shaba.

Mguu upimwe mtu akiwa amesimama, uzito sawa pande zote mbili, penseli ikiwa wima. Mguu wa aliyekaa hutoka mfupi. Alama ya gidamu iwe pale hasa vidole viwili vya kwanza vinapogawana. Tundu likisogea mbele, vidole huchungulia nje ya soli. Likirudi nyuma, kisigino huning'inia.

Soli ya chini iwe mm 4 hadi 5, kanda karibu mm 2.5. Ncha ya gidamu inayoingia kati ya tabaka mbili za soli ipunguzwe kwa kisu hadi karibu nusu ya unene, sm 2 za mwisho tu. Isipopunguzwa, mvaaji huhisi kokoto chini ya unyayo. Ikizidishwa, hukatika hapo hapo.

Gundi ipakwe pande zote mbili zilizokwaruzwa kwa msasa, isubiriwe kama dakika 10 hadi 15 mpaka isishike kidole, ndipo mgonge kutoka katikati kwenda pembeni. Mchanga wa vijia vya mji ukiangukia gundi mbichi, futa, upake upya.

Mshono ndio wa kukaa nao. Uzi uwe mara nne ya urefu wa mstari, umepakwa nta, una sindano kila ncha. Msharasi, chuma chenye ncha cha kutobolea, utoboe kila mm 4, mm 3 kutoka ukingoni. Sindano ya kulia itangulie kila mara, ya kushoto ifuate katika tundu lilelile, bila kuuchoma uzi wa kwanza. Ikiuchoma, uzi hukwama, haukazwi tena, na mshono hulegea kutoka hapo. Mbunifu ashone sm 30 kwa mkono wake kabla ya kuchora mishono mingine ya mapambo. Bei ya kiatu itampambanukia.

Darasa lisifungwe kabla ya mtu kuyavaa makubadhi hayo siku saba mjini. Kisha chaneni soli ya mguu mmoja, mtazame ncha ya gidamu: imevutika, imekatika, au ipo palepale. Kipimo kitakachosahihishwa mbunifu akiandike kwenye kiolezo cha kadibodi, fundi akihakiki kwa rula.