Jibu: Bibi ana akaunti ya kitabu imelala, anataka kuhamisha hela na kuifunga

Habari mkuu, pole na mizunguko. Nimekuelewa, bibi yupo Kongwa, akaunti yake ya benki imelala miaka, yaani haijatumika, na anataka hela iende akaunti mpya. Mi nilihangaika hivyo hivyo na mama mkubwa wa Mpwapwa. Anza na majina, shika kitabu cha benki na kitambulisho cha taifa (NIDA) usome herufi kwa herufi, sisi ilizidi "h" moja tu tukarudishwa toka Dodoma mjini mpaka tukaapa kwa wakili.

Bibi aende benki mwenyewe, akaunti iamshwe kwanza ndo hela ihamishwe moja kwa moja, asibebe keshi kwenye basi jamani. Vidole vya mama mkubwa vilikuwa vimelika na jembe, mashine ya alama za vidole ikagoma, tukajaribu kimoja kimoja, kidole kidogo ndo kikasoma. Mwisho omba barua ya kufunga yenye muhuri.