Ukiuliza maji kwanza: nadharia ya kwanta kwa anayetembea na dodoso

Nimefanya kazi ya udadisi kwa miaka kadhaa, ile ya kupita kaya hadi kaya na dodoso mkononi, na somo kubwa kuliko yote nililipata kwa mama mmoja aliyekuwa akimenya mihogo chini ya mwembe. Nilimwuliza kama, kwa jumla, ameridhika na maisha yake. "Alhamdulillah, nimeridhika." Swali lililofuata lilikuwa la maji. Akageuka kuyatazama madumu manne yaliyopangwa ukutani, yote matupu, kisu kikasimama kwenye muhogo. "Maji sijaridhika hata chembe. Na lile la maisha, mwanangu, lifute. Ungeniuliza maji kwanza nisingekujibu vile."

Mwongozo wa kazi ulikataza kufuta. Nikabaki na kalamu, nikijiuliza jibu lake la kweli ni lipi.

Siku zote nilikuwa nimeamini kwamba jibu limo ndani ya mtu kama sarafu iliyomo mfukoni: unauliza, anaitoa, unaandika. Mama yule alinitikisa, na katika kutafuta maelezo nikakutana na wanasaikolojia wanaotumia hisabati ya kwanta, ile ya fizikia ya vitu vidogo mno, kueleza fikra za binadamu. Kama kazi yako ni kuuliza watu maswali, uwe mwalimu, muuguzi au mtafiti, naomba uwasikilize.

Mfano wao maarufu ni kura ya maoni ya Gallup ya Septemba 1997 nchini Marekani. Watu waliulizwa kama Rais Bill Clinton ni mwaminifu, kisha makamu wake, Al Gore. Wengine waliulizwa hayohayo kwa kupindua: Gore kwanza, Clinton baadaye. Alipotangulia Clinton, asilimia 50 walimkubali, na Gore akapata 68. Alipotangulia Gore, yeye alipata 60 na Clinton akapanda hadi 57. Pengo la 18 likawa 3. Maneno ni yaleyale, kilichobadilika ni nani katangulia.

Hisabati ya kawaida ya uwezekano hapa hukwama, kwa sababu kwake "Clinton na Gore" ni sawa na "Gore na Clinton". Hisabati ya kwanta, iliyoundwa kwa ajili ya elektroni na mwanga, ilizaliwa ikijua kwamba mpangilio una uzito. Kuosha mchele kisha kuupika si sawa na kuupika kisha kuuosha. Kipimo cha kwanza hukigusa kinachopimwa, na cha pili kinakikuta kimeshageuka. Ndivyo walivyoliona swali: swali la kwanza humweka mtu mahali fulani, na la pili analijibu akiwa amesimama hapohapo.

Ningeishia kusema ni sitiari nzuri tu, lakini kuna utabiri uliopimwa. Chukua waliojibu ndiyo kwa maswali yote mawili, uwajumlishe na waliojibu hapana kwa yote mawili. Nadharia inasema jumla hiyo haibadiliki ukipindua mpangilio, hata kama kila kundi lenyewe limebadilika. Mwaka 2014 Zheng Wang, Jerome Busemeyer na wenzao walichapisha matokeo ya kuujaribu utabiri huo kwenye tafiti 70 za kitaifa za Marekani, na kwa sehemu kubwa sana ukasimama. Hakuna namba iliyorekebishwa ili hesabu ikubali, na hilo ndilo lililonishawishi mimi. Utabiri ulivunjika kwenye maswali kuhusu wachezaji wawili wa besiboli, ambako kila swali lilitanguliwa na maelezo ya habari zao. Nadharia ilitarajia hivyo, maana maelezo nayo humsogeza mtu. Kwa hiyo ukitaka kulinganisha maswali mawili, usipenyeze hadithi kati yake.

Tahadhari moja naitoa kwa uzito. Hakuna mahali ambapo Busemeyer au wenzake wanahitaji ubongo uwe mashine ya kwanta. Wao wanaazima hesabu tu. Mwanafizikia Roger Penrose na daktari Stuart Hameroff ndio waliopendekeza kwamba fahamu inatokana na hali za kwanta ndani ya seli za ubongo, na mwaka 2000 mwanafizikia Max Tegmark alipiga hesabu akaonyesha kuwa hali za namna hiyo ubongoni zingevunjika haraka mno kuweza kuhudumia fikra. Anayekuuzia bangili au tiba ya kwanta, mpe kisogo.

Kwenye lugha nako tembea taratibu. Tuliwahi kuwa na swali fupi, "Una mbuzi?" Likija baada ya kuku na ng'ombe, watu hujibu "watatu". Likija baada ya sufuria na kinu, hujibu "ipo", wakimaanisha ya kukunia nazi. Wapo watafiti wanaochora neno kama hilo kwa hisabati hii, likiwa na maana zote mpaka muktadha uichague moja. Peter Bruza wa Australia amefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Lakini utata peke yake si ushahidi wa kwanta. Kwa mbuzi, dawa ni kuandika swali upya, na tuliandika.

Kwa maswali ya hisia na imani, chapisha madodoso ya aina mbili, nusu kwa mpangilio huu na nusu kwa mpangilio uliopinduliwa, yagawe kwa bahati nasibu, kisha linganisha. Ni gharama ya karatasi tu. Na mhojiwa akikuambia futa, usifute, wala usijifanye hukusikia.

Kwenye dodoso la mama yule niliacha "ameridhika" kama lilivyo. Pembeni, kwa kalamu, nikaandika: baada ya swali la maji, amebadili. Nikamsomea, akasema, "Hapo sawa," akarudi kwenye mihogo yake.