Kwa mliopata kipaimara juzi: pigeni hodi hata bila shida

Wadogo zangu, nimefundisha darasa la kipaimara hapa Masasi miaka 11, na kila kundi linakuja na swali lilelile: "Mwalimu, nitajuaje kwamba Mungu ni rafiki yangu?" Siku hiyo huwa sijibu. Nawauliza kwanza: huku kwetu, mtu anayekuja kwako msimu wa mnada tu, pesa za korosho zikishaingia, mnamwitaje? Wanacheka. Jina lake wanalijua, ila haliandikiki.

Ndivyo wengi tunavyoanza na Mungu. Mikorosho ikipata ugonjwa wa ubwiriunga, tunasali. Bei ikipanda, hata Jumapili tunaisahau. Sisemi msiombe mahitaji yenu, ombeni. Ila siku nyingine nendeni hivihivi tu. Mimi hufanya hivyo alfajiri, kabla sijawasha redio: dakika kumi, namsimulia Mungu ya jana, na yale ya aibu yakiwemo, kisha nakaa kimya. Wiki za mwanzo utasinzia. Sinzia, ilimradi umekwenda.

Katika Yohana 15:15 Yesu anawaambia wanafunzi kwamba hawaiti tena watumwa, amewaita rafiki, kwa kuwa mtumwa hajui afanyalo bwana wake. Kwingine neno "mtumwa" hupita haraka. Masasi halipiti. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Zanzibar na watu waliokombolewa utumwani, wakapitia Lindi, wakapanda bara, na hapa ndipo walipoanzisha kijiji cha misheni. Steere huyohuyo ndiye aliyekuwa akitafsiri Biblia kwa Kiswahili. Hebu fikiri mtu aliyewahi kuuzwa anausikia mstari ule kwa lugha anayoielewa. Nikifika hapo darasani hunyamaza kidogo, wala sioni haya.

Halafu someni Luka 11, yule anayemgongea rafiki yake usiku wa manane akitaka mikate mitatu. Mimi niliisoma miaka mingi kama habari ya kung'ang'ania tu. Nilichelewa kuona kwamba mikate haikuwa yake. Alikuwa na mgeni nyumbani, na hana cha kumwandalia. Amekubali kumsumbua rafiki kwa ajili ya tumbo la mtu mwingine.

Hapo kwenye tumbo la mwingine ndipo nilipofeli. Nilikuwa mweka hazina wa kikundi chetu cha kusaidia wagonjwa, nikawa na daftari lenye safu tatu: nani kapewa unga, nani kapewa sabuni, na nani hajaonekana kanisani tangu apewe. Mama mmoja mjane nilimruka kwa sababu ya safu ile ya tatu, nikajiona mwadilifu kabisa. (Hesabu za fedha ziwepo, tena zisomwe mbele ya wote. Nasemea ile safu.)

Mwaka huohuo mke wangu akaugua, katikati ya kupulizia mikorosho dawa ya salfa. Siku ya pili jirani yetu, bibi wa Kiislamu tuliyekuwa tukisalimiana naye njiani tu, aliingia na bakuli la ming'oko, vile viazi vya porini, iliyochemshwa, bado inatoa mvuke. Akafagia uani, akachota maji, akaondoka bila kuuliza lolote. Akaja kesho yake, na keshokutwa.

Mke wangu alipopata nafuu nililiosha lile bakuli, nikatia sukari kilo mbili, na chini ya mfuko nikakunja noti ya elfu kumi. Bibi aliitoa sukari, akaiona noti. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Mwanangu, kwani mimi nimefungua mgahawa?"

Alinirudishia vyote, na bakuli pia. Nikatembea nalo mchana kweupe, sukari imo, watoto wa mtaani wananisalimia, "Shikamoo mwalimu."

Jioni ile nilichana ukurasa wenye safu ya tatu, nikaenda kwa yule mjane. Alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Kwa bibi nilikaa wiki nzima sijaweza kwenda. Nilipokwenda nilibeba bakuli tupu, nikakaa barazani kwake mpaka adhuhuri, tukazungumza bei ya korosho na mbuzi wake aliyekula kanga ya jirani.